Uzi maalumu: Viraka vya magari makuukuu, vinavyosaidia na vinavyoficha ubovu

Mwanzisha uzi:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaanzisha uzi huu kwa sababu ni nadra kufungua boneti ya gari la zamani usikute kazi ya mtu aliyetangulia: nyaya zilizosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu, kipande cha mpira wa tairi kilichochongwa na kuwekwa mahali pa bushi, silikoni iliyofurika pembeni mwa gasketi, msumari uliokunjwa mahali pa pini. Sina ugomvi na kiraka. Gari lililokatika mkanda wa feni mbali na gereji lazima liondolewe pale lilipo, na mtu anayejua kufunga soksi ndefu ya nailoni kwenye puli ili pampu ya maji izunguke taratibu mpaka afike penye msaada ana ujuzi wa kweli, ambao wengi wenye magari mapya hawana. Ninachotaka tujadili ni namna ya kutenganisha kiraka kinachostahili heshima na kazi iliyolipuliwa.

Kwa maoni yangu, sura ya kiraka haitupi jibu, wala muda kitakaodumu. Swali la kuuliza ni moja: baada ya kiraka kuwekwa, ubovu bado unaweza kuonekana, au umenyamazishwa? Ile soksi ya nailoni haimdanganyi mtu. Dereva anajua ipo, anaendesha polepole, na macho yake hayaondoki kwenye geji ya joto. Kiraka cha hatari ni kile kinachomfanya dereva aamini kwamba gari limepona.

Nianze na fyuzi, kwa kuwa hapo jambo hili linaonekana waziwazi. Fyuzi ikiungua na nyingine haipo karibu, watu huizungushia karatasi ya aluminiamu au hupachika kipande cha waya wa shaba, taa zinarudi na safari inaendelea. Lakini fyuzi haikuwekwa pale ili kulinda taa wala redio. Iliwekwa kulinda waya. Joto linalozalishwa ndani ya waya huongezeka kwa mraba wa mkondo unaopita, maana yake mkondo ukiwa mara tatu, joto ni mara tisa. Katika fyuzi za bapa, nyekundu ni ya ampea 10, ya buluu ni 15, ya njano ni 20 na ya kijani ni 30, kwa hiyo anayechomoa nyekundu na kuchomeka kijani kwa kuwa ile ya kwanza "haidumu" ameruhusu waya ule ule mwembamba upitishe mara tatu ya mkondo uliokusudiwa kabla ya chochote kukatika. Aliyefunga karatasi ya aluminiamu hana hata kikomo hicho. Kitakachoyeyuka kwanza ni ganda la waya wenyewe, nyuma ya dashibodi, ambako umefungwa pamoja na nyaya nyingine zote.

Fyuzi inayoungua mara kwa mara ina habari ya kukupa, na mara nyingi habari hiyo haiko mbali: tazameni nyaya zinapopenya kwenye bati lililopoteza mpira wake wa kinga, tazameni zinapojikunja kwenye bawaba za milango na za buti, na tazameni chini ya zulia ambako skrubu ya mtu imepita katikati ya waya. Kazi ya kutafuta mchubuko huo inachosha, nakiri, ila hakuna njia ya mkato.

Ndugu yake fyuzi ni balbu kubwa. Balbu ya kawaida ya taa za mbele, aina ya H4, ni ya wati 60 kwa taa kamili na 55 kwa taa hafifu. Mwenye gari la zamani, akiona mwanga hautoshi, huweka za wati 100. Mbili kwa pamoja zikiwashwa kwa volti 12 huvuta karibu ampea 17, na mkondo wote huo, kwenye magari mengi ya zamani, unapita ndani ya swichi iliyo kwenye usukani. Swichi inapata moto na kuyeyuka, na mara nyingi balbu za awali hazikuwa na kosa lolote, kwani kilichopunguza mwanga kilikuwa kutu kwenye sehemu ya kuunganisha waya na bodi. Safisheni kwanza maungio hayo. Mwanga ukiwa bado hautoshi, wekeni relei mbili (swichi zinazowashwa kwa mkondo mdogo wa umeme), waya mnene kutoka kwenye betri, na fyuzi ya saizi sahihi karibu na betri hiyo. Swichi ibaki na kazi ndogo ya kuamrisha relei tu.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, nashukuru kwa uzi. Kuhusu joto la injini, mafundi wengi huondoa thamostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, na kusema kwamba maji yatazunguka bila kizuizi na injini haitachemka tena. Binafsi nimeendesha gari la namna hiyo kwa muda mrefu na halikuwahi kuchemka. Hilo nalo unalihesabu kuwa ni kunyamazisha?

Mwanzisha uzi:

Ndiyo, ndugu yangu, na naomba nilieleze kwa kirefu kwa sababu mfumo wa kupoza ndio unaolipuliwa kuliko mwingine wowote.

Thamostati hufunguka injini inapofikia takriban nyuzi 82 hadi 90 za Selsiasi, kutegemea gari. Ikiondolewa, injini hukaa baridi muda mrefu zaidi, mafuta hayaungui vizuri, petroli isiyoungua inaosha kuta za silinda na kuingia kwenye oili, na pistoni zinasagika haraka kuliko inavyopasa. Hayo ni madhara ya polepole ambayo dereva hayaoni. Tena zipo injini ambazo thamostati yake, inapofunguka, huziba njia ya pili inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiiondoa kwenye injini hiyo, sehemu ya maji haifiki kwenye rejeta kamwe, na injini uliyotaka ipoe inapata moto zaidi hasa kwenye mlima. Lakini hoja yangu kubwa ni nyingine. Gari lililokuwa likichemka na sasa halichemki kwa sababu thamostati imetolewa huenda lina rejeta iliyoziba nusu, au pampu ambayo mapanga yake yameliwa na kutu. Tatizo hilo lipo palepale, limepewa nafasi ya kukua bila kusikika, na siku litakapojitokeza tena hakutakuwa na cha ziada cha kuondoa.

Kifuniko cha rejeta nacho kinatendewa vibaya. Watu hukiona kama kizibo tu, wakati kazi yake ni kushikilia shinikizo. Kikiwa kinazuia shinikizo la karibu baa 1 juu ya lile la hewa, maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Mwenye gari ambaye mpira wake wa maji umezeeka na unavuja kwa shinikizo hukilegeza kifuniko hicho, na kweli mpira unaacha kuvuja. Sasa maji yanachemka kwenye nyuzi 100, au chini ya hapo kama yuko nyanda za juu, na mapovu ya mvuke yanajikusanya karibu na vyumba vya kuunguzia mafuta, mahali penye joto kubwa kuliko pote. Amebadilisha uvujaji aliouona kwa mchemko asiouona.

Kuna jambo moja hapa ambalo natamani kila mwenye gari la zamani alijue. Kihisio cha joto hupima maji yanayokigusa. Maji yakishapungua mpaka kihisio kikabaki hewani, geji inaweza kushuka badala ya kupanda, na dereva akafurahi kwamba joto limetulia, wakati silinda hedi ya aluminiamu, yaani kifuniko cha juu cha injini, inapinda. Kwa hiyo geji inayoshuka ghafla kwenye mlima, kwa gari ambalo mnajua linapoteza maji, ichukuliwe kama taarifa mbaya. Simamisheni gari, zimeni injini, acheni ipoe kabisa kabla ya kugusa kifuniko.

Dawa za kuziba rejeta, pamoja na ute wa yai na unga wa viungo ambao wazee walitumia, huziba kwa kuganda au kukwama kwenye tundu. Havijui kuchagua tundu. Vinaganda vilevile kwenye njia nyembamba za rejeta na kwenye rejeta ndogo ya kupashia joto ndani ya gari. Kwa kufika mwisho wa safari, sawa. Baada ya hapo mfumo uoshwe na rejeta itengenezwe.

Mchangiaji wa pili:

Mimi ni fundi, na naona uzi huu unatuonea kidogo. Magari tunayoletewa hayana vipuri tena. Kiwanda kimeacha kutengeneza, na kilichopo sokoni hakifanani. Mteja analihitaji gari lake, nasi tunabuni. Bila ubunifu huo magari haya yote yangekuwa chuma chakavu. Tena yapo mambo tuliyobuni ambayo ni imara kuliko ya kiwandani.

Mwanzisha uzi:

Fundi, nakubaliana nawe kabisa, na nafurahi umelisema kwa sababu sikutaka uzi huu usomeke kama shutuma dhidi ya mafundi. Ubunifu umekuwepo tangu gari lilipoanza kutembea. Mwezi Agosti 1888, Bertha Benz aliendesha gari la mumewe kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia yake, na vipande vya mbao vya breki vilipokwisha alimwomba fundi viatu avigongomelee ngozi. Ngozi ile haikuficha kitu. Ilijibu tatizo lenyewe, yaani uso wa breki unaosagika, na breki zilizofuata zikawa na uso unaobadilishwa.

Mfano mwingine unaonifundisha zaidi ni wa Desemba 1972, ingawa gari lenyewe lilikuwa jipya. Wanaanga wa Apollo 17, Eugene Cernan na Harrison Schmitt, walivunja kipande cha madigadi ya nyuma ya gari lao la Mwezini. Mara ya kwanza walikibandika kwa tepu. Tepu haikushika vizuri kwa sababu ya vumbi, kipande kikadondoka, na vumbi likawanyeshea wao na vyombo vyao. Walipotoka tena kwa matembezi yaliyofuata, walibandika ramani nne pamoja, wakazibana kwenye madigadi kwa vibanio vilivyotolewa kwenye taa ya chombo chao, na madigadi hayo ya ramani yakafanya kazi mpaka walipomaliza matembezi. Tazama walichofanya: walielewa kwa nini kiraka cha kwanza kilishindwa, njia mpya ilijaribiwa kwanza huku Duniani kabla ya wao kuitumia Mwezini, na walijua hasa kinatakiwa kudumu muda gani.

Kwa hiyo fundi anayeweka uzi mpya wa chuma, yaani mizunguko inayoshika plagi, ndani ya tundu la plagi lililopoteza uzi wake, kwa zile koili za Heli-Coil, hajalipua kazi. Uzi huo katika aluminiamu mara nyingi ni imara kuliko ule wa awali. Anayechonga bushi kwa mpira mgumu wenye vipimo sahihi, akazingatia uelekeo wa mzigo, hajalipua kazi. Anayetengeneza bomba jipya la breki kwa aloi ya shaba na nikeli, akalipanua ncha kwa kifaa chake, ameweka bomba lisiloshika kutu. Lakini anayepaka silikoni nene kwenye gasketi ili izidi kuziba hajafikiria kwamba ile inayofurika nje inafurika pia ndani, na kwamba vipande vyake vikimenyeka vinaishia kwenye chujio la pampu ya oili lililomo ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Injini inakufa kwa kiu ya oili huku sampu imejaa.

Kuna sehemu mbili ambazo, kwa heshima zote, naona hakuna kiraka cha kubuni kinachokubalika, hata cha kufikia kijiji cha mbele: breki na usukani.

Kwenye breki, kazi ninayoiogopa kuliko zote ni kuziba mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu moja. Silinda ya gurudumu inavuja, kipuri hakipo, basi bomba linapigwa nyundo likabanwa, au mpira unakunjwa na kufungwa waya, au bolti inafungwa mahali pa bomba. Pedeli inarudi kuwa ngumu. Na ugumu huo wa pedeli ndio unaodanganya, kwa kuwa mguu ni kipimo pekee alicho nacho dereva, nao sasa unampa taarifa ya uongo. Gari lina breki tatu. Kwenye breki ya ghafla, na zaidi kwenye barabara yenye maji, linavutwa upande mmoja. Pale mpira ulipokunjwa, umepasuka ndani. Shinikizo la breki ya nguvu linaweza kuvuka baa 100, na mpira uliojeruhiwa hauchagui siku tulivu ya kupasuka. Magari ya zamani sana yana hatari ya ziada, kwa kuwa masta silinda yake, yaani pampu kuu inayosukumwa na pedeli, ina mkondo mmoja tu wa mafuta kwa magurudumu yote manne. Marekani, kwa mfano, iliagiza mikondo miwili kwa magari mapya ya abiria kuanzia 1968. Uvujaji popote kwenye mkondo mmoja ni kukosa breki zote.

Kuhusu kinachomiminwa humo mahali pa mafuta ya breki: maji yanachemka kwenye kalipa baada ya mteremko mrefu, na mvuke unabonyezeka, kwa hiyo pedeli inazama mpaka sakafuni. Oili ya injini ni mbaya kwa namna nyingine, maana mipira ya ndani ya breki ilitengenezwa kwa mafuta ya glikoli, na ikikutana na oili ya madini inavimba na kunasa. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi zisizopungua 205 na ya DOT 4 kwenye 230, lakini yakishanyonya unyevu viwango hivyo vya chini ni 140 na 155. Hata gari lisilo na kiraka chochote linakuwa hatarini kwa mafuta ya breki ya miaka mingi ambayo hayajabadilishwa, na hilo wamiliki wa magari ya zamani hulisahau kuliko jambo jingine lolote.

Kwenye usukani, boljointi (kiungo chenye kichwa cha mviringo) iliyolegea hujazwa kipande cha plastiki, au hupigwa rungu, au huchomelewa. Kulegea kulikuwa kunasikika, usukani ulikuwa unacheza, tairi lilikuwa linalika upande. Baada ya kujazwa, sauti imetoweka, lakini chuma kimebaki na wembamba wake uleule. Kuchomelea ni kubaya zaidi, kwa kuwa chuma kilichofuliwa na kutiwa joto maalumu kiwandani hubadilika pembeni mwa mstari wa kuchomelea na kuwa chepesi kuvunjika. Kipuri kikikosekana kabisa, tafuteni cha gari jingine chenye vipimo sawasawa, au gari lisubiri.

Mchangiaji wa tatu:

Nina maswali mawili. Tanki langu la petroli linatiririka tone kwa tone kwenye ungio, na nimeambiwa nipake sabuni. Pia nataka kununua gari la zamani. Nitatambuaje kama limefichwa ubovu?

Mwanzisha uzi:

Sabuni ya kipande, ndugu yangu, ni kiraka cha kweli. Petroli haiiyeyushi, kwa hiyo ukiisugua kwenye ufa mdogo hushika mpaka ufike gereji. Maji ya mvua na ya kuoshea gari ndiyo yatakayoiondoa, nayo itakwambia kwa kuanza kudondosha upya. Usiegeshe gari hilo ndani ya chumba, na usikubali mtu alichomelee tanki kwa hoja kwamba limemwagwa likaisha. Tanki tupu lenye mvuke wa petroli ni hatari kuliko tanki lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa.

Kwa gari unalotaka kununua, beba sumaku ndogo iliyofunikwa kitambaa na uipitishe sehemu ya chini ya milango na juu ya magurudumu. Isiposhika, chini ya rangi kuna puti, na mara nyingi nyuma ya puti kuna karatasi au povu lililojaza tundu la kutu. Povu hilo hunyonya maji na kuyaweka kwenye chuma kilichobaki. Ikiwa ni ile boriti ya bati iliyo chini ya mlango, ambayo kwenye magari mengi yasiyo na chesisi ndiyo inayobeba nguvu za bodi, jeki ikiwekwa pale itakuonyesha. Sikiliza pia ekzosti. Kopo lililofungwa kwa klipu mbili juu ya tundu lake linaweza kutosha kwa muda, ila moshi ukivuja chini ya chumba cha abiria unaleta kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ndani ya gari. Likague kabla ya kulijaribu na familia.

Halafu fanya hili kabla ya kuwasha injini. Zungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, uzihesabu. Taa ya oili, ya betri, ya breki, na kama gari linazo, ya injini na ya mifuko ya hewa, zote lazima ziwake. Ambayo haikuwaka, huenda balbu yake imeondolewa au imebandikwa tepu nyeusi. Kisha washa injini na uangalie zinavyozima. Taa ya mifuko ya hewa hujikagua yenyewe na huzima kwa wakati wake, sekunde chache baadaye. Ikizima sambamba kabisa na ile ya oili, fungua dashibodi uangalie nyuma yake kama waya wake haukuunganishwa na waya wa oili.